Mpaka wa Wilson: ardhi iliyogawiwa kwa kalamu baada ya wenyewe kuondolewa

Tarehe 18 Novemba 1920 Armenia ilikubali masharti ya kusimamisha vita na jeshi la Ankara, la wazalendo wa Kituruki walioiasi serikali ya sultani ya Istanbul. Kars, ngome yake kubwa kuliko zote, ilikuwa imeanguka tangu 30 Oktoba, karibu bila kupiganiwa. Alexandropol, mji unaoitwa leo Gyumri, ulikuwa mikononi mwa askari wa Jenerali Kâzım Karabekir. Siku nne baadaye, huko Washington, Rais Woodrow Wilson alitia saini hukumu iliyoipa Armenia hiyohiyo takriban kilomita za mraba 100,000 za Milki ya Osmani, pamoja na miji ya Van, Bitlis na Erzurum, na bandari ya Trabzon kwenye Bahari Nyeusi.

Hukumu hiyo ina muhuri mkuu wa Marekani, na chini ya saini ya rais ipo ya waziri wake wa mambo ya nje, Bainbridge Colby. Haijatekelezwa hata shubiri moja. Lakini haijafa. Kwa Waarmenia wengi wa ughaibuni, hasa wa chama cha Dashnak, "Armenia ya Wilson" ndiyo ramani ya haki yao. Kwa Waturuki wengi karatasi hiyo, pamoja na ulioizaa, mkataba wa Sèvres kati ya washindi wa Vita Kuu na Milki ya Osmani, ni ushahidi kwamba mataifa makubwa yalitaka kuikatakata nchi yao na bado yanatamani. Karne moja imepita na watu bado wanalumbana juu ya mstari ambao haukuwahi kupandwa jiwe hata moja la mpaka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Dai la Waarmenia la kutendewa haki ni la kweli na lina uzito kuliko mengi. Ila mstari wa Wilson haukuwa chombo cha kuifikisha haki hiyo, na waliouchora walikuwa na kila sababu ya kulijua hilo walipokuwa wakiuchora.

Njia iliyofika mezani kwa Wilson

Mwaka 1915 serikali ya Vijana wa Kituruki, kundi lililotawala Milki ya Osmani, ilianza kuwaondoa Waarmenia wa Anatolia. Tarehe 24 Aprili walikamatwa wasomi, waandishi na viongozi wao waliokuwa Istanbul, kisha vijiji na miji ya mashariki ikamwagwa watu mmoja baada ya mwingine. Wanaume waliuawa karibu na makwao. Wanawake, wazee na watoto waliswagwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria, hadi Deir ez-Zor, na wengi hawakufika. Wanahistoria wengi huwahesabu waliokufa kuwa milioni moja au zaidi. Haya ndiyo mauaji ya kimbari ambayo Uturuki mpaka leo inakataa kuyaita kwa jina hilo.

Vita Kuu ilipokwisha, washindi walikuwa na deni. Walikuwa wameahidi hadharani kwamba Waarmenia hawatarudishwa tena chini ya utawala uliowaangamiza, na upande wa Urusi palikuwa na jamhuri changa ya Armenia iliyotangazwa tarehe 28 Mei 1918, maskini, iliyojaa wakimbizi na njaa. Swali likawa nani atailinda. Uingereza ilikuwa inaondoa majeshi yake Kaukazi. Ufaransa ilikuwa imebanwa Kilikia, kusini mwa Anatolia. Wote wakaigeukia Marekani.

Marekani ilimtuma Jenerali James Harbord mwaka 1919 akaangalie kwa macho yake. Msafara wake ulipita Anatolia mpaka Yerevan, na njiani, mjini Sivas, alikutana na Mustafa Kemal, ambaye wakati huo alikuwa ofisa aliyeiasi serikali ya Istanbul. Ripoti ya Harbord ilipanga sababu za kuupokea udhamini wa eneo hilo, yaani kulilinda na kulisimamia, na sababu za kuukataa, kisha ikaweka hesabu: askari 59,000, na zaidi ya dola milioni 750 kwa miaka 5. Mwanasiasa yeyote aliyeisoma alielewa. Tarehe 24 Mei 1920 Wilson, aliyekuwa bado anaugua kiharusi cha Oktoba 1919, aliliomba Bunge limruhusu kuichukua Armenia chini ya udhamini wa Marekani. Tarehe 1 Juni Seneti ikakataa kwa kura 52 dhidi ya 23.

Hapo ndipo kisa kinapopinda. Kwenye mkutano wa San Remo, mwezi Aprili, washirika walikuwa wamemwomba Wilson mambo mawili: Marekani iwe mlinzi wa Armenia, na yeye aukate mpaka. La kwanza lilikwama Seneti. La pili Wilson alikuwa amelikubali tangu 17 Mei, na halikuhitaji kura ya mtu. Kwa hiyo mlinzi hakupatikana, lakini kazi ya kuchora iliendelea. Mkataba wa Sèvres wa tarehe 10 Agosti 1920 uliliweka jambo hilo katika kifungu cha 89: Uturuki, Armenia na wengine waliotia saini walikubali kumwachia rais wa Marekani aamue mpaka upite wapi ndani ya mikoa ya Erzurum, Trabzon, Van na Bitlis, na kwamba uamuzi wake wataupokea. Avetis Aharonian alisaini kwa niaba ya Armenia. Kwa Uturuki walisaini wajumbe wa sultani, ambao bunge la Ankara, la Mustafa Kemal, liliwatangaza kuwa wasaliti kabla mwezi haujaisha.

Mstari wenyewe

Kazi ilifanywa na kamati ndogo iliyoongozwa na William Westermann, profesa wa historia ya kale, akiwemo Lawrence Martin, mwanajiografia aliyekuwa amefuatana na Harbord. Walifanya kazi kwa uangalifu mkubwa, na jambo hilo linauma zaidi kadiri unavyowasoma. Mstari unaanzia pale ambapo mpaka wa Uturuki na Uajemi unakutana na mwisho wa mpaka wa kiutawala kati ya Van na Hakkari, halafu unatambaa kuelekea magharibi ukifuata migongo ya milima na mito, kijiji hadi kijiji, mpaka unaposhuka baharini magharibi mwa Trabzon. Walijali maji ya mashamba yasikatwe, na vijiji visitenganishwe na masoko yake. Walilichukua bonde la mto Karshut kwa kuwa reli ingeweza kupita humo hadi bandari ya Tirebolu, maana nchi ya milimani isiyo na bahari ingenyongwa na majirani zake. Kusini mwa Van na Bitlis, kwenye Wakurdi wengi, walikuacha nje. Harput, iliyokuwa na Waarmenia wengi mno kabla ya 1915, hawakuigusa kabisa, kwa sababu Sèvres haikuwapa ruhusa ya kutoka nje ya ile mikoa minne.

Kamati haikuficha ugumu wa idadi ya watu. Ilikadiria kwamba nchi ambayo ingepatikana, ukiunganisha ardhi hii na jamhuri iliyokuwepo, kabla ya vita ilikuwa na watu 3,570,000, Waislamu asilimia 49 na Waarmenia asilimia 40. Baada ya wakimbizi kurudi, walitarajia Waarmenia wafikie nusu. Nisome tena sentensi hiyo polepole. Waarmenia wa Van, Muş na Erzurum walikuwa wamekufa au wametawanyika Aleppo, Beirut, Tiflis na Yerevan. Mpaka ulihesabiwa kwa kutegemea watu ambao wangerudi, na watu hao wangerudi tu kama pangekuwa na jeshi la kuwalinda, na jeshi hilo Seneti ilikuwa imelikataa karibu miezi minne kabla kamati haijamaliza kuandika. Ripoti ilikamilika tarehe 28 Septemba 1920. Siku ya pili yake Karabekir aliichukua Sarıkamış.

Wiki mbili za mwisho

Wilson alikaa na ripoti karibu miezi miwili. Alipotia saini, Simon Vratsian alikuwa anaunda serikali mjini Yerevan, serikali ya mwisho ya jamhuri ile, na Alexander Khatisian alikuwa anapelekwa Alexandropol kwenda kuomba amani. Tarehe 29 Novemba Wabolsheviki waliingia kutoka Azerbaijan na kutangaza Armenia ya Kisovieti. Tarehe 30 Wilson alijitolea kuwa mpatanishi na akamteua Henry Morgenthau, aliyekuwa balozi Istanbul mwaka 1915. Tarehe 2 Desemba madaraka yalikabidhiwa kwa Wabolsheviki, na usiku huohuo kuamkia tarehe 3 Khatisian alisaini mkataba ambao, pamoja na mengine, uliikana Sèvres, kwa jina la serikali iliyokwisha kuondoka. Hukumu ya Wilson ilifikishwa Paris tarehe 6 Desemba.

Ramani na nchi zilipishana njiani. Sèvres ilisema kamati ya kuweka alama za mpaka iundwe ndani ya miezi 3 baada ya uamuzi kutolewa. Haikuundwa. Katikati ya Desemba Umoja wa Mataifa wa wakati ule, League, ulilikataa ombi la Armenia la kuwa mwanachama.

Mpaka wa kweli ulikatwa na wengine. Tarehe 16 Machi 1921 Urusi ya Kisovieti na serikali ya Ankara zilikubaliana Moscow, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo Uturuki na jamhuri tatu za Kisovieti za Kaukazi zikayathibitisha makubaliano hayo mjini Kars: mpaka ufuate mto Akhurian na mto Araks. Kars, Ardahan na Surmalu, na ndani ya Surmalu mlima Ararat wenyewe, vikabaki Uturuki. Mkataba wa Lausanne wa 24 Julai 1923 uliandikwa kana kwamba Armenia haikuwahi kuwepo.

Ukitaka kuuona mpaka huo ulivyo, tazama magofu ya Ani, makao ya wafalme wa Bagratuni katika karne ya 10 na ya 11. Makanisa yake yamesimama kwenye ukingo wa bonde refu la Akhurian, upande wa Uturuki. Chini mtoni zimebaki nguzo mbili za daraja la zamani, moja huku na moja kule, na kati yake hakuna kitu. Mtu aliyesimama upande wa Armenia anaweza kuyahesabu makanisa ya mababu zake, lakini hawezi kuyaendea.

Sheria inasema nini

Wapo wanasheria na wanadiplomasia wa Kiarmenia wanaoshikilia kwamba hukumu ya Wilson bado inaishi. Hoja yao si ya kubezwa. Wanasema usuluhishi ni kitu kinachojitegemea: wahusika wakishakubali kumpa mtu kesi yao, akaamua, uamuzi wake unawafunga hata kama mkataba uliobeba makubaliano hayo umeanguka. Wanaongeza kuwa mkataba wa Kars ulisainiwa na Armenia isiyokuwa na uhuru wake, chini ya bunduki za Moscow.

Mimi naona hoja hii inavunjika mahali pamoja. Uturuki ilikubali kumwachia Wilson kazi hiyo kupitia Sèvres tu, na Sèvres haikuidhinishwa. Serikali ya sultani iliyosaini ilikuwa haitawali mashariki ya Anatolia, na serikali iliyotawala huko ilikuwa imeshautupa mkataba huo. Ukiondoa ridhaa ya upande mmoja, usuluhishi unabaki maoni ya mtu mwenye heshima. Tena hoja kwamba Armenia ya 1921 haikuwa huru kutia saini ina makali mawili: Armenia ya leo imesimama juu ya mipaka ileile ya jamhuri ya Kisovieti, iliyothibitishwa katika azimio la Alma-Ata la Desemba 1991 la jamhuri zilizokuwa za Kisovieti. Huwezi kuukana msingi wa nyumba huku unalala ndani yake.

Sisi wa Afrika tunaujua uchungu huu. Mipaka yetu ilichorwa na wasiotujua, lakini mjini Cairo mwezi Julai 1964, kwa hoja iliyowasilishwa na Mwalimu Nyerere, nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, zilikubaliana kuiheshimu kama zilivyoirithi siku ya uhuru. Somalia na Morocco zilipinga, na zilikuwa na sababu zao. Hakuna aliyesema mipaka ile ni ya haki. Kilichosemwa ni kwamba kuifungua kungemwaga damu nyingi kuliko kuiacha.

Dai lilipotumiwa na wengine

Mara ya pili dai la ardhi ya Waarmenia kushikwa na mwenye nguvu ilikuwa tarehe 7 Juni 1945, Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, alipomwambia balozi wa Uturuki mjini Moscow, Selim Sarper, kwamba Kars na Ardahan zirudishwe. Stalin aliwaita Waarmenia wa ughaibuni warudi nyumbani, na wapatao 90,000 walikuja kutoka Syria, Lebanon, Ugiriki, Ufaransa na Iran kati ya 1946 na 1948. Walidhani wanakwenda kuijaza ardhi itakayokombolewa. Ardhi haikuja, na mwaka 1949 baadhi yao walipakiwa kwenye treni kwenda Siberia. Uturuki iliingiwa na hofu, ikaingia NATO mwaka 1952. Tarehe 30 Mei 1953, Stalin akiwa ameshakufa, Moscow ilitangaza kwamba haina dai lolote la ardhi kwa Uturuki.

Nikiwaza habari za familia zile zilizouza maduka yao Beirut na Marseille ili zirudi, nakasirika. Mara zote mbili, ya Wilson na ya Stalin, aliyeshika ramani alikuwa na hesabu zake. Waarmenia walichangia uchungu na matumaini, na gharama ikabaki kwao.

Ararat kwenye muhuri

Azimio la uhuru la Armenia la tarehe 23 Agosti 1990 linaunga mkono juhudi za kutambuliwa kwa mauaji ya 1915 "katika Uturuki ya Osmani na Armenia Magharibi". Maneno hayo mawili ya mwisho yanawasumbua majirani hadi leo, kwa kuwa utangulizi wa katiba unalitaja azimio hilo, na Azerbaijan imeshikilia kwamba katiba ibadilishwe. Mwezi Januari 2015, miaka 100 baada ya mauaji, tamko la Waarmenia wote duniani lililosomwa Yerevan liliitaja hukumu ya Wilson kwa jina na tarehe yake.

Halafu ikaja vita ya 2020 na Azerbaijan juu ya Karabakh, eneo la Azerbaijan lililokaliwa na Waarmenia, na Septemba 2023 Waarmenia zaidi ya 100,000 walilikimbia ndani ya siku chache. Waziri mkuu Nikol Pashinyan alianza kuhubiri anachokiita "Armenia Halisi", ile ya kilomita za mraba 29,743 na si zaidi, badala ya "Armenia ya kihistoria". Mwaka 2024 alirudisha kwa Azerbaijan maeneo ya vijiji vinne mpakani Tavush, na Askofu Mkuu Bagrat Galstanyan akaongoza maandamano makubwa ya kumpinga. Mwaka 2025 serikali yake iliamua kuiondoa picha ya Ararat kwenye muhuri unaogongwa katika pasipoti za wasafiri wanaoingia na kutoka.

Muhuri ni kitu kidogo, cha sekunde moja. Lakini Ararat, mita 5,137, unaonekana kutoka kwenye roshani za Yerevan asubuhi isiyo na ukungu, mkubwa kiasi cha kujaza anga nzima ya kusini. Mtoto wa Yerevan huuchora kabla hajajua kuandika jina lake. Naelewa kwa nini watu walilia. Naelewa pia hesabu ya Pashinyan: hakuna nchi jirani itakayofungua mlango kwa jirani anayebandika mlima wake kwenye stempu ya mpakani. Hata hivyo nadhani alikosea. Mtu wa Loitokitok, upande wa Kenya, huamka akiuona Kilimanjaro, na hakuna Mtanzania anayemshuku kwa kuupenda. Kuupenda mlima na kuudai mlima ni mambo mawili, na serikali ilipaswa kuwafundisha majirani tofauti hiyo badala ya kuufuta.

Kinachonifanya niwaombe marafiki wa Armenia waiweke chini ramani ya Wilson ni kitu kingine. Rais Ilham Aliyev wa Azerbaijan naye amekuwa akisema kwamba Yerevan ni ardhi ya kihistoria ya Waazerbaijani, na Baku, mji mkuu wake, wanaizungumzia "Azerbaijan Magharibi" na haki ya kurudi kwa Waazerbaijani waliofukuzwa Armenia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kurudi kwao kama raia ni jambo la kujadiliwa kwa heshima. Lakini mara tu historia inapogeuzwa kuwa hati ya shamba, kila jirani ana hati yake sandukuni, na mwenye jeshi kubwa ndiye atakayeisoma ya kwake kwa sauti. Kwa sasa mwenye jeshi hilo si Armenia. Na katika Van, Bitlis na Muş wanaishi Wakurdi, ambao baadhi ya mababu zao walishiriki mauaji na ambao wenyewe wamezikwa na kufukuzwa na dola hiyohiyo. Ramani ya mwaka 1920 haina la kuwaambia.

Kilicho hai ndani ya karatasi ya Wilson ni ushahidi. Nchi zilizoshinda vita, zikiwa na ripoti na takwimu mkononi, zilikubali mwaka 1920 kwamba watu hawa waliporwa makwao na wanastahili fidia. Ushahidi huo hauhitaji kusogeza jiwe la mpaka. Unadai jina sahihi la kilichotendeka 1915, nyaraka kufunguliwa, makanisa yaliyobaki kulindwa, na mlango wa mpaka uliofungwa na Uturuki tangu 1993 kufunguliwa. Kanisa la Kiarmenia la kisiwa cha Akhtamar, ndani ya Ziwa Van, lilikarabatiwa na serikali ya Uturuki na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 2007, na tangu 2010 linaruhusiwa kuwa na misa mara moja kwa mwaka. Siku moja kati ya 365 ni kidogo mno. Ila ni siku ambayo hakuna jeshi wala mstari ulioweza kuileta.

Tarehe 6 Februari 2023 tetemeko liliipiga kusini mwa Uturuki. Siku tano baadaye malori ya misaada kutoka Armenia yalivuka daraja la Margara, juu ya mto Araks, mahali palipofungwa kwa miaka 30. Yalikuwa yanakwenda Adıyaman. Kufika huko iliyabidi yapite ndani ya ardhi ileile ambayo Wilson aliitia saini, yakiwa yamebeba chakula na dawa.